Sura ya Nane ya Maisha ya Koya

Al-Nuzha, Jedda
Jumamosi, 9 Januari 2016

Kwa shemeji Protas,

Sikuulizi hali. Juzi nimekiona kitabu chako, na mtu aliyeandika kurasa mia moja na kumi na mbili hawezi kuwa anaumwa.

Naandika kwa kalamu na kumpa Naftali, dereva wa lori lenu, kwa sababu kwa simu nilishakuamini mara moja. Unakumbuka. Oktoba ya 2014 nilitoroka ile nyumba ya Al-Rawdah, nikaingia ofisi ya mizigo ya bosi wako Koya hapa Jedda nikiwa na kandambili mguu mmoja, nikakupigia wewe Riyadh. Nikakueleza yote, ukaandika kwa Kiswahili, Mpemba wa ofisini akageuza Kiarabu, nami nikaweka kidole kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma. Tangu hapo naambiwa nina kesi ya matusi. Nimekana mbele ya kila afisa kwamba sikumtukana madam, wala baba, wala watoto wao. Wananiangalia tu, wanafunga faili. Mwaka na miezi mitatu siruhusiwi kutoka nchi hii.

Alhamisi watu wa Koya walinifuata hapa kwa bibi Fauzia ninakofanya kazi. Wakanipeleka ukumbini, wakanivisha maua shingoni, wakanikalisha jukwaani mbele ya Wahindi mia tatu wa kwao Kerala. Koya akahutubia kwa lugha yao, akinionyesha kwa kidole. Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu kama mpumbavu. Mlangoni nikapewa kitabu cha Kiingereza cha maisha yake, anagombea ubunge wa bunge la jimbo lao. Ndani nikaona jina lako, mwandishi.

Sura ya nane, "Dada wa Kiafrika". Nimeisoma mara tatu. Inasema mwanamke Mkenya, kwa hasira, alimwita mwajiri wake kafiri katika maelezo yake ya maandishi, akashtakiwa kukashifu dini, na Bwana Koya, kwa huruma, akamdhamini.

Kafiri! Mimi ni Mpresibiteri wa Nyeri. Nitamwitaje Mwislamu kafiri, nikiwa nani? Nilisema kafili. Kafili wangu ameshika pasipoti yangu. Kafili wangu ananifungia mlango. Mtu yeyote aliyekaa nchi hii wiki moja anajua mwajiri aliyekudhamini ni kafili.

Nani aliandika lile neno? Nijibu hilo tu. Maryann wangu ameanza darasa la kwanza Jumatatu akishikwa mkono na mke wako, na Emily ananiambia mtoto amemtambulisha kwa mwalimu kama mama yake. Ni dada yangu, simwonei wivu. Lakini nataka kwenda nyumbani, Protas.

Wanjiru


Riyadh
21 Januari 2016

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi kama mchanga wa huku. Barua yako imenifikia, na moto wake nimeuhisi kabla ya kuifungua.

Kwanza, heshima. Huyo unayemwita "Koya" kavukavu ni Bwana Unneen Koya, na ungejua alikotoka ungeongea polepole. Alifika Jedda mwaka wa themanini na sita kwa viza ya umra, akabaki. Alipiga pasi kanzu za watu kwa dobi miaka saba, akajifunza majina ya wenye mji kwa kusoma vitambulisho vya kwenye kola. Leo ana malori kumi na moja. Mhindi akifia huku, maskini, hana mtu, ni Koya anayetafuta karatasi, sanduku na ndege. Amerudisha maiti mia mbili na kumi kwao. Nimezihesabu mimi mwenyewe kwa ajili ya sura ya tano. Sasa chama kimempa tiketi, na Wamalayali wote wa Riyadh, watu wa kwao Kerala, wanakata tiketi za ndege wakampigie kura. Mtu kama huyo hutokea mara ngapi?

Pili, hilo neno. Ni la mkalimani. Wapemba wanajua dini kuliko wanavyojua mambo ya ofisi. Akiona kafili anasoma kafiri. Nimesikitika sana.

Lakini nawe shemeji, tuseme kweli, tusitupie lawama watu wote. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ya harusi yetu kule Kitale si ni wewe uliyesimama ukawaambia wazee wetu wa Kibukusu, "Karibuni nyote, tafadhali karibuni kura"? Mzee Alfayo akajibu kadi yake ya kura ameiacha nyumbani! Mpaka leo tunacheka. Nyinyi watu wa mlimani na hiyo L yenu, Mungu anawajua.

Kuwa na subira. Bosi anakukumbuka kwa wema.

Shemeji yako akupendaye,
Protas


Al-Nuzha, Jedda
5 Februari 2016

Protas,

Nilikwenda kwa Mpemba wako.

Nilimkuta anakula, akanikaribisha, nikakataa. Nikamwambia shemeji yangu anasema umekosea. Hakugombana. Aliosha mikono, akafungua kabati, akatoa karatasi ya Kiswahili ya Oktoba, akaiweka mbele yangu. Akasema, "Dada, mie nafasiri kilichoandikwa. Hili neno nalijua tangu chuoni, siwezi kulikosea. Nilipoliona nilishtuka, nikamuuliza bosi, akasema andika upesi, waandishi wa habari wanangoja nje."

Kafiri, mara nne. Kwa wino wa faksi uliofifia. Mwandiko naujua, ndio ulioandika orodha ya mahari ya dada yangu, ile R yenye mkia. Kwa hiyo mwezi uliopita ulinidanganya, ukamsingizia mtu aliyekuwa anafanya kazi yake.

Kuhusu Koya na maiti zake. Mimi sikatai, amewarudisha. Nami nilipofika na kandambili moja alinipa maji na kiti, na akaniletea jirani yake Msaudi mwenye jina aniwekee dhamana, na namshukuru kwa hilo. Lakini nimekaa kwenye ofisi ile wiki tatu nikisubiri. Hakuna sanduku linalofungwa bila picha. Akiwa uwanja wa ndege, mkono kwenye sanduku, uso chini. Picha inakwenda kwa mjane kabla ya maiti. Kila sanduku alilolipeleka lina ukoo nyuma yake, na ukoo una kura. Na mimi ni sanduku lenye miguu. Kasoro yangu ni kwamba bado naongea.

Nataka kitu kimoja. Ukurasa mmoja, kwa jina lako, kwamba mimi nilisema kafili na wewe ukaandika kafiri, uwe na muhuri wa ofisi iliyopeleka maelezo. Afisa ameniambia hayo mwenyewe: walioandika ndio wakanushe. Ukurasa mmoja kwa mtu aliyeandika mia moja na kumi na mbili.

Wanjiru


Riyadh
1 Machi 2016

Shemeji,

Umenijia juu kama uji wa moto. Naam, mwandiko ni wangu. Sikutaka kukuumiza, ndiyo maana nilizunguka kidogo. Lakini niliandika nilichosikia. Ulisema kafiri, shemeji. Kwa simu ile, kwa ulimi ule. Karani mwaminifu haongezi wala hapunguzi.

Nimeongea na Bwana Koya. Hakukataa! Amesema subira hadi uchaguzi, mwezi wa tano. Wapinzani wake huko Kerala wamekwisha kusema mambo ya wakimbizi wa kazi ni maigizo yake. Wakipata karatasi yenye muhuri inayosema ofisi yake ndiyo iliyomtia mwanamke kesini, watazunguka nayo kijiji kwa kijiji. Miaka thelathini ya mtu itamwagwa kwa herufi moja. Je, hiyo ni haki?

Wakati huohuo anaomba jambo dogo. Kijana wake wa kamera atakuja Ijumaa, uvae kitenge, useme kwa Kiingereza dakika mbili tu jinsi Bwana Koya alivyokuokoa. Ukisaidia, atasaidia. Mkono mtupu haulambwi.

Nami nikufunulie siri. Akishinda, mimi ndiye meneja wa ofisi ya Riyadh. Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, itabadilishwa, itaruhusu familia. Emily atakuja. Miaka mitano nimekuwa mume wa simu, Wanjiru. Watu wazima tunaweza kusubiri wiki kumi na moja kwa ajili ya hilo.

Protas


Al-Nuzha, Jedda
14 Machi 2016

Protas,

Mwenye kamera alikuja. Nilimpa chai, nikamfungulia mlango wa kutokea.

Nilimpigia Emily nikamweleza. Sikutaka kumweleza, ndoa yenu si yangu. Akaanza kulia. Akasema, "Wanjiru, hiyo karatasi mimi niliiona."

Anasema ulimtumia picha yake usiku uleule wa Oktoba. Na chini uliandika: "Sikiliza dada yako, hata kwenye shida L imekataa kutoka." Na vile vikatuni vya kucheka, vitatu. Naye akacheka. Anasema alicheka, na sasa hawezi kula.

Kwa hiyo wewe si karani mwaminifu. Ulijua nilichomaanisha. Ulikiandika vibaya makusudi ili ucheke na mke wako, kisha hukukirekebisha.

Utani wa shemeji naujua. Nimekutania nami. Lakini nilikuwa nimesimama katika ofisi ya watu, mguu mmoja una kiatu, nalia, nawe unatafuta kichekesho.

Ukurasa. Muhuri. Usiniandikie kitu kingine.

Wanjiru


Riyadh
17 Aprili 2016

Wanjiru,

Emily haongei nami wiki ya tano sasa. Akipokea simu, anampa Maryann aniimbie nyimbo za shule, kisha anakata.

Sina pa kujificha. Ilikuwa utani. Niliandika nakala ya kwanza kwa kukufuata ulimi, nikaipiga picha, nikacheka, nikapanga kuandika nakala safi asubuhi. Asubuhi nilikuta ofisi ya hapa imekwishaipeleka Jedda kwa faksi, kwa amri ya Koya, maana mgeni wa televisheni alikuwa anakuja. Niliogopa kusema. Nikajiambia Mpemba ataelewa. Kesi ilipoingia, nikajiambia itaisha yenyewe. Ulipoulizwa ulimtukana nani, ukakana kwa kiapo, nilikuwa najua, nikanyamaza. Halafu Koya akanipa kazi ya kuandika maisha yake, akataka sura ya kumtoa mtu machozi. Nikaandika ya nane. Niliiandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzi nilikwenda kwake na karatasi yako, nimeiandika kama ulivyotaka. Aliisoma polepole, mara mbili. Hakunikaripia. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Protas, ndugu yangu, katika kitabu mimi nimemwokoa. Sasa unataka nimwokoe kutoka kwangu mwenyewe?" Kisha akafungia muhuri kwenye droo, akaenda kupanda ndege, kampeni zimebaki mwezi mmoja.

Naituma bila muhuri. Ina jina langu, namba ya ikama yangu na sahihi. Bosi akijua nimeituma, umeneja umekwenda, na ikama ya familia nayo. Sikuambii ili unishukuru.

Unisamehe, shemeji.

Protas


Al-Nuzha, Jedda
Jumanne, 24 Mei 2016

Protas,

Karatasi yako ilifika na Naftali. Niliipeleka kwa afisa tarehe nne. Aliigeuza mbele na nyuma, akasema, "Mafi khatim." Hakuna muhuri. Akairudisha juu ya meza kwa ncha ya kidole.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni. Bibi Fauzia akaingia na fimbo yake kuuliza chakula kiko wapi. Ana miaka themanini na moja, hajawahi kuniuliza habari za kesi na mimi sijawahi kumwambia. Siku hiyo nilimwambia, kwa Kiarabu changu cha jikoni, nikilia. Kafili, kafiri, barua, muhuri. Alinifanya nirudie yale maneno mawili. Nikarudia. Akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena. Halafu akaita dereva wa mwanawe na kudai abaya yake.

Tarehe kumi na moja tulikwenda. Hakupanga foleni, aliingia moja kwa moja na fimbo, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumzuia. Akamwambia afisa: "Huyu binti anakaa kwangu mwaka mzima. Kila siku akitaka kupika ananiuliza, ya sitti, leo kuna rahma? Mwezi wa kwanza nilidhani ni mcha Mungu. Namjibu, rahma ipo kwa Mungu, binti yangu. Naye ananiuliza, basi niitoe kwenye friji?"

Nikueleze, maana unajifanya mwalimu wa lugha lakini Kiarabu hujui. Nyama kwao ni lahma. Rahma ni huruma. Mwaka mzima nilikuwa namwomba yule mama huruma kilo mbili, na mimi sijui. Hakunicheka hata siku moja. Alikuwa anatoa nyama tu.

Afisa alishika mdomo asicheke. Akaniambia nitaje mwajiri ni nani. Nikasema. Akaniambia nitaje asiyeamini ni nani. Nikasema. Likatoka neno lilelile. Akawaita wenzake wa chumba cha pili. Wakawa sita. Nikaambiwa niseme limau, niseme leli, yaani usiku, niseme la ilaha, hiyo ya mwisho bibi akagonga fimbo sakafuni, wakaiacha. Kila neno walicheka mpaka mmoja akafuta macho. Nilisema yote, Protas. Nilisimama pale, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa mtu, nikatoa ulimi wangu kama mbuzi sokoni anayefunguliwa mdomo. Nilitaka kwenda nyumbani, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Ndani yangu nilikuwa nakutukana wewe kwa jina.

Afisa aliandika mistari mitatu na kupiga muhuri. Halas, imekwisha. Ruhusa ya kutoka ilipatikana jana, pamoja na pasipoti yangu. Nasafiri leo saa kumi.

Koya ameshinda, bila shaka umeshajua kuliko mimi. Kwa tofauti ya kura mia tatu na arobaini. Ofisi ya hapa wamegawa halua mtaa mzima, na bibi ameila. Jana kijana wa kamera alipiga simu: Mheshimiwa amefurahi kusikia kesi yangu imekwisha, kitabu kinapigwa chapa tena, wanataka picha uwanja wa ndege, mimi na sanduku langu. Niliuliza sanduku gani. Hakuelewa. Nikakata. Watapata picha ya mwingine, hawakosi mtu.

Umeandika kwamba huna pa kujificha. Mimi ninakujua tangu ulipokuja kwetu kuuliza mke. Baba alikuuliza umefika kwa usafiri gani, ukamwambia umekuja kwa "kari". Mama ulimshukuru kwa "chai nzuri ya nyumpani". Unasema "pwana Koya", Protas, mpaka leo unasema "pwana". Na katika kamati ya harusi yenu mimi ndiye niliyekuwa katibu. Hotuba yako yote niliiandika mimi, daftari lipo kabatini kwa mama. Lisome siku moja. Niliandika gari, niliandika nyumbani, niliandika bwana. Sikufikiri hata kidogo. Nilisikia ulichotaka kusema, nikakiandika.

Emily atakuwa uwanjani na Maryann. Ameniomba nimwambie kwanza yeye kama nimekusamehe, ndipo aamue lake. Sijui nitamjibu nini, nitakuwa angani kwa saa nne na nitalifikiria. Wakati huu jibu ni hapana.

Barua zako zote ninazo kwenye mkoba wa mkononi. Nitampa azisome mwenyewe, kama ulivyoziandika, sitabadilisha herufi.

Wanjiru wa Gathogo